Akiona kijiko anafunga mdomo, lakini kiazi anakula mwenyewe

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa kiume, ametimiza miezi minane na nusu. Tunaishi Tanga mjini, mimi, mume wangu na mama mkwe, ambaye alikuja kutoka Pangani kunilea uzazi, akakaa. Sina neno na kukaa kwake. Alinikanda, alinipikia, na mpaka leo mtoto akilia usiku yeye ndiye anayeamka wa kwanza. Nakueleza haya ili usidhani nimekuja kumsema.

Mtoto alianza kula alipotimiza miezi sita. Uji wa lishe alikuwa anaupokea vizuri, kijiko kikija unakuta mdomo uko wazi. Tangu mwezi uliopita mambo yamegeuka. Akiona kijiko anafunga mdomo na kugeuza uso, ukimfuata anapiga bakuli. Nikimpa kijiko akishike mwenyewe, anakipeleka jichoni, kisha shavuni, mwisho anakirusha. Lakini tukikaa mkekani kula, anatambaa mpaka kwenye sinia na kutia mkono. Juzi alichota wali. Punje zilizoingia mdomoni hazikuzidi tatu, nyingine zote ziliishia kwenye nywele, na furaha aliyokuwa nayo sijawahi kumwona nayo kwenye uji.

Mama anasema chakula hakichezewi, riziki ikichezewa inakimbia. Yeye anamlaza mapajani, anambana pua kwa vidole viwili, na mtoto akifungua mdomo avute pumzi, uji unamiminwa kwa kiganja. Anasema ndivyo alivyowakuza wanawe sita, mume wangu akiwemo. Mtoto analia mpaka anatapika. Mimi natoka uani kuanua nguo ambazo hata hazijakauka, ili nisisikie.

Wiki iliyopita mama alikwenda msibani Muheza. Nikachemsha kiazi kitamu, nikakikata kirefu kama kidole, nikampa. Shangazi, alikula! Alikimung'unya kwa fizi na vijino vyake viwili, akamaliza bila mtu kumgusa. Kipande cha pili akajaza mdomo mno, akaanza kukohoa, macho yakajaa machozi, uso ukamwiva. Kabla sijafanya lolote mama akawa ameingia mlangoni. Alimnyakua, akatia kidole kooni, mtoto akatapika kila kitu. Akaniambia nataka kumuua mjukuu wake. Mume wangu aliporudi alisema nifuate anachosema mama kwa sababu ana uzoefu.

Tangu siku hiyo naogopa. Je, ni kweli nilikuwa namhatarisha? Kuna vyakula mtoto wa umri huu anaweza kula kwa mkono wake, na atashiba kweli? Na nitamwambia nini mama bila kuonekana namfundisha kazi mtu aliyelea sita?

Mama wa Njia Panda, Tanga


Marahaba mwanangu, na hongera ya mtoto.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilisoma kama Shangazi, nikawaona kabisa mkekani na huyo bwana mdogo ana wali kichwani. Mara ya pili nilisoma kama muuguzi niliyekaa kliniki ya watoto miaka mingi, na nilipofika pale unapotoka kuanua nguo mbichi, nikaiweka chini kwanza. Kwa hiyo nitaanza na hilo la pua, maana haliwezi kungoja, ndipo tuje kwenye kiazi.

Kumbana mtoto pua kukome leo. Mtoto aliyezibwa pua akifungua mdomo hafungui ili ale, anafungua ili apate hewa, na anaivuta kwa nguvu zake zote. Uji unaomiminwa wakati huohuo unafuata njia ya hewa. Ukiingia mapafuni, kinachofuata ni kikohozi, homa, na nimonia. Niliwahi kumpokea mtoto wa miezi saba, mnono, kadi yake nzuri, kifua kinakoroma. Mama yake alisema kikohozi kilianza "baada ya uji wa asubuhi". Alipona, baada ya sindano za siku nyingi. Bibi yake, aliyemlisha, alikaa kwenye benchi la nje siku zote hizo, hataki kula wala kurudi nyumbani. Alimpenda yule mtoto kuliko mtu yeyote pale. Ndiyo maana simlaumu mama mkwe wako hata kidogo. Anayeamka usiku kwa ajili ya mjukuu hawezi kuwa na nia mbaya naye mchana. Lakini jambo lenyewe ni la hatari, na kama wanawe sita walipita salama, tumshukuru Mungu kwa hao sita.

Sasa mwanao. Lugha yetu imetenga kula na kulishwa, na barua yako yote imekaa katikati ya maneno hayo mawili. Mtoto anayetambaa mpaka kwenye sinia hajakataa kula. Amekataa kulishwa. Na ukitazama vizuri alipokaa yeye, utaona ana haki. Baba yake anamega kwa mkono. Bibi yake anamega kwa mkono. Wewe unachambua samaki kwa vidole na kupeleka mdomoni. Katika mkeka mzima ni yeye peke yake anayeletewa chakula kwa chuma, na tena chakula chake hakifanani na cha mtu yeyote. Mtoto wa miezi minane anaishi kwa kuiga. Akiona mikono inakwenda kwenye sinia, wa kwake nao utakwenda.

Wala hajawahi wakati wake. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6, kisha aanzishiwe vyakula vingine huku akiendelea kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi. Kwenye mwongozo huohuo, watoto walio wengi wakifika miezi 8 wanaweza kula vipande vya kushika wenyewe, na wakifika miezi 12 wanakula chakula cha familia. Kuna jambo jingine ambalo watu hawalisikii sana: mtoto asiyeonjeshwa vyakula vyenye mabonge mpaka akapita miezi 10, baadaye huwa na taabu ya kula. Hao ndio wale wa miaka mitatu wanaotapika wakikutana na kipande cha karoti kwenye mchuzi. Fizi, ulimi na taya vinajifunza kutafuna kwa kutafuna, na fizi za mtoto wa umri huu ni ngumu kuliko unavyodhani. Uliza mama yeyote anayenyonyesha.

Tuje kwenye siku ya kiazi, maana hiyo ndiyo iliyokutia hofu.

Alichofanya mwanao ni kupaliwa, na alikuwa anajitoa mwenyewe. Mtoto akikohoa kwa sauti, akitoa ulimi nje, macho yakitoa machozi, uso ukiiva, hewa inapita. Kikohozi chenyewe ndicho kinachofukuza kile kipande. Isitoshe, kwa watoto wadogo sehemu ya ulimi inayoleta kichefuchefu iko mbele zaidi kuliko kwetu, kwa hiyo kipande huzuiwa mapema, kabla hakijafika mbali. Ukimwona hivyo, kaa karibu, mwache akae wima au ainamie mbele kidogo, mtazame, na ujizuie. Najua kujizuia huko ni kazi. Mikono yako yote itataka kumnyakua.

Kukabwa ni jambo jingine, na dalili yake kubwa ni ukimya. Mtoto hatoi sauti, hakohoi, au anakohoa bila mlio, mdomo uko wazi, macho yamemtoka, midomo inaanza kubadilika rangi kuwa ya buluu au kijivu. Hapo hakuna kungoja. Piga kelele watu waje na mtu mmoja akatafute usafiri, huku wewe ukianza kazi. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, mkono ukiegemea paja, kichwa chini kuliko kiwiliwili, taya umelishika kwa vidole bila kumbana shingo. Mpige mara 5 katikati ya mabega kwa kitako cha kiganja, kwa nguvu. Hakijatoka, mgeuze chali, kichwa bado kikiwa chini, umkandamize mara 5 katikati ya kifua, chini kidogo ya mstari wa chuchu. Mgeuze tena. Endelea hivyo mpaka kitoke au alie. Akilegea na kupoteza fahamu, mkimbizeni hospitali huku anayejua kukandamiza moyo na kupuliza pumzi akifanya hivyo njiani. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hakamuliwi tumbo kama mtu mzima. Na kidole hakiingizwi kooni kukitafuta kitu usichokiona, kwa sababu mara nyingi kidole ndicho kinachokisukuma kipande mpaka pale kinapoziba. Kama unakiona mdomoni, kitoe. Kama hukioni, usipapase.

Nakuomba wewe, mama na mumeo mjifunze haya pamoja kwa mikono, kwa kutumia mdoli au mto mdogo. Muombeni muuguzi wa kliniki awaonyeshe. Ni dakika kumi.

Na kama bado moyo unadunda, sikiliza hili. Huko New Zealand watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago waliwafuatilia watoto 206. Wengine walilishwa kwa kijiko kama kawaida, wengine waliachwa wajilishe, wazazi wao wakiwa wamefundishwa kukiandaa chakula. Matokeo yalitoka mwaka 2016. Kati ya miezi 6 na 8, kama mtoto mmoja katika kila watatu alikabwa angalau mara moja, na wale waliojilisha hawakuwazidi wenzao wa kijiko. Ila walikuta pia kwamba katika makundi yote mawili watoto wengi walikuwa wamepewa vyakula vya hatari. Mimi hapo najifunza kwamba tukiache kijiko kwanza, tutazame kile kinachoingia mdomoni.

Kwa hiyo kipimo chako kiwe hiki. Chukua kipande, kibonyeze kati ya kidole gumba na cha shahada. Kikibonyea bila kutumia nguvu, fizi zake zitakiweza. Kikigoma, rudisha sufuriani. Na kwa sasa kikate kirefu, kama kidole chako, kwa sababu mtoto wa umri huu anakamata kwa kiganja kizima. Anachokula ni kile kinachochomoza juu ya ngumi, kilichobaki ndani hajui bado namna ya kukifikia. Karibu na miezi tisa, kumi, utamwona anaanza kuokota punje kwa ncha za vidole viwili. Siku hiyo ndipo uanze kumpa vipande vidogo. Kiazi chako kilikuwa sawa kabisa. Kosa lilikuwa dogo tu: kwenye kipande cha pili aliachwa ajaze mdomo mno.

Uko Tanga, na kwa jambo hili umekaa pazuri. Boga lichemshe na ganda lake, umkatie kipande kama mwezi mchanga, ganda liwe ndiyo mpini. Ndizi mbivu ioshe, imenye nusu ya juu, nusu ya chini abaki ameshika ganda. Au imenye yote, kisha ibonyeze ncha kwa kidole taratibu: inajipasua yenyewe vipande vitatu virefu, kama iliumbwa kwa ajili ya mkono wa mtoto. Watoto wangu walikuwa wananyamaza kutazama hilo likitokea. Parachichi linateleza, litamkasirisha, kwa hiyo acha kipande cha ganda au ligaragaze kwenye unga wa karanga. Karanga zenyewe muonjeshe kidogo kwanza, siku ambayo hujampa kitu kingine kipya, utazame kama atatokwa na vipele au kuvimba. Na ziwe karanga ulizochambua kwa macho yako, zenye ukungu au zilizosinyaa uzitupe zote. Sumu ya ukungu, ile sumukuvu iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, haitoki kwa kupika.

Karoti za Lushoto unazonunua pale Mgandini ni nzuri sana, zikichemshwa mpaka zilegee. Mbichi asipewe. Chungwa la Muheza livue ile ngozi nyembamba ya kila kipande, utoe mbegu, mpe nyama yake. Msimu wa embe ukifika, chukua dodo, kula nyama yote ubakize kidogo kwenye kokwa, umwachie kokwa. Ni kubwa, haliwezi kuingia mdomoni, na atakaa nalo kimya mpaka umalize kufua. Epuka tu embe lenye nyuzi.

Muhogo uwe ule mtamu, uive mpaka upasuke, na kamba ya katikati itoke. Ugali uwe laini, na usimpe tonge la mviringo. Libonyeze liwe bapa kama ulimi, lichovye mchuzi. Wali uwe wa kulegea, uuponde na maharage na tui, ubane kwenye kiganja mpaka ushikane. Mkate laini wa dukani una tabia ya kugeuka donge linalonata juu ya kinywa, chapati laini iliyokatwa mistari inamfaa zaidi.

Lakini viazi, boga na ndizi peke yake havitoshi, na hapa nataka unisikilize vizuri. Mtoto anazaliwa na akiba ya madini ya chuma, na ikifika miezi sita akiba hiyo inakuwa imepungua sana. Maziwa yako ni mazuri kwa kila kitu, ila chuma chake ni kidogo. Akikikosa anapungukiwa damu, na damu ikipungua hata hamu ya kula inakwisha, halafu watu wanasema mtoto ana kiburi. Kwa hiyo kila siku kiwepo kitu cha nyama, samaki, mayai au maharage. Maini ya kuku ni laini, yanakatika vizuri kwa urefu, mara moja kwa wiki yanatosha. Dagaa wakaushe, watoe vichwa, watwange wawe unga, unyunyize kwenye boga au wali. Yai liive lote, likaange bila kuunguza ukate mistari, kwa sababu kiini kikavu cha yai la kuchemsha kinakaba kooni. Maharage na kunde uzibonyeze moja moja kwa kidole, ziwe bapa.

Na samaki. Tafuta nguru, kipande cha katikati, maana miiba yake ni mikubwa na inaonekana. Mchemshe, mchambue kwa vidole, si kwa uma, upapase kila kipande mara mbili. Kazi hii nina mtu wake, nitamtaja baadaye.

Pembeni mwa vyakula hivi umwekee chungwa, embe au papai, vinasaidia chuma kiingie mwilini. Chai ya rangi inafanya kinyume, hata ile ya kuchovyea andazi. Asinywe.

Visivyoingia kabisa mdomoni mwake: karanga na korosho nzima, bisi, pipi, kashata, ubuyu wa kokwa, miwa, zabibu nzima, nyama ya mshikaki, soseji iliyokatwa duara. Asali mpaka atimize mwaka, hata ile ya kulambisha kidogo kwa kikohozi, kwani inaweza kubeba vijidudu vya sumu ambavyo tumbo lake haliwezi kuvishinda. Chumvi na sukari asivizoee. Mtolee chakula chake kwanza kabla hujatia chumvi kwenye sufuria yenu.

Umeniuliza kama atashiba. Mwanzoni hatashiba kwa mkono wake peke yake, na sikushauri umwachie kila kitu siku moja. Mpaka atimize mwaka, maziwa yako bado ni sehemu kubwa ya chakula chake. Mnyonyeshe kama kawaida. Na uji usiuache, ila uufanye mzito, ukae kwenye kijiko usidondoke, utie unga wa dagaa au karanga. Halafu tumia vijiko viwili: kimoja ukijaze umpe ashike, kingine kiwe chako. Akiwa anahangaika kupeleka cha kwake, mdomo ukafunguka wenyewe, unapitisha chako. Utashangaa. Ukisubiri afungue, anafungua. Ukimfuata, anafunga. Akigeuza uso mara tatu, ameshiba, hata kama bakuli limebaki nusu. Umri huu ale mara mbili mpaka tatu kwa siku, akifika miezi tisa ziwe tatu au nne, na kila mlo usizidi nusu saa.

Namna ya kukaa ina uzito wake. Akae wima, kiuno kimenyooka. Mkekani, mweke katikati ya miguu yako, mgongo wake kwenye tumbo lako, sahani mbele yenu wote wawili. Hivyo mkono wako na wake vinatoka upande mmoja, anakuona unavyomega. Asile akiwa amelala mapajani, akitambaa, akilia, akiwa mgongoni kwenye kanga, wala kwenye bajaji. Na asiachwe peke yake hata kwa dakika ya kwenda kuzima jiko. Muda ule wa kula ni wako na wake.

Mikono yake ioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni, na mkeka ufunikwe kitambaa safi cha kula tu. Anatambaa sakafuni, kila kilichopo sakafuni kiko kwenye vidole vyake. Chakula kilichoanguka kwenye kitambaa anaweza kurudishiwa. Kilichoanguka chini, hapana. Hapa mama mkwe wako ana hoja ya kweli, kwamba mtoto wa kushika chakula huharisha kirahisi kama usafi ni wa kubahatisha.

Ana hoja pia kuhusu riziki. Usimdharau kwa hilo. Mtu aliyelea watoto sita Pangani anajua thamani ya kikombe cha unga. Kwa hiyo mpe mtoto vipande viwili tu kwa mara moja, si sahani nzima. Kikiisha, kingine. Kinachomwagika kinakuwa kidogo, na bibi hataumia kuona.

Sasa namna ya kuzungumza naye. Usimpeleke mumeo akakusemee, atajisikia mmekaa kikao juu yake. Na usianze na neno "siku hizi", mama. Mkae mkichambua mchele au mkimenya viazi, umuulize habari za zamani: mume wako alianza lini kukaa na wenzake kwenye sinia? Alikuwa anakula nini kwa mkono? Hakuna mama wa pwani aliyelea sita ambaye hajawahi kumpa mtoto kipande cha muhogo ashike ili yeye apate kufua. Atakumbuka, na akikumbuka, kitu unachokitaka kitakuwa kimetoka kwake. Lile la pua mwambie waziwazi lakini kwa heshima: "Mama, naogopa uji utamwingia mapafuni. Nakuomba tuliache hilo." Usiongeze maelezo. Akikasirika, nyamaza, lakini usikimbilie tena kwenye nguo. Mchukue mtoto mikononi mwake kwa upole, useme utamlisha mwenyewe. Wewe ndiye mama yake, na hakuna adabu ya ukwe inayomtaka mtoto apaliwe.

Mwanao akitimiza miezi tisa anatakiwa kliniki kwa chanjo ya surua na rubella. Nenda na bibi yake. Wakimpima uzito, muombe muuguzi awaonyeshe wote wawili ule mstari kwenye kadi. Ukipanda sambamba na mistari iliyochapwa, mtoto anashiba, hata kama nusu ya wali iko kwenye nywele. Ukilala au kushuka, muulizeni muuguzi hapohapo, na msirudi nyumbani kubahatisha. Na kama umeona anapaliwa kila mlo, hata kwa maji au maziwa, hilo lipeleke kwa daktari mapema, usingoje chanjo.

Mumeo naye mwambie akae mkekani siku moja amtazame mwanawe na kiazi, kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Ile kazi niliyoiahidi ni ya mama. Kesho nunua nguru, umchemshe, umwekee mbele, umwambie macho yako hayaoni miiba kama vidole vyake. Achambue yeye. Ampe mjukuu wake kipande mkononi, wewe ukiwa umemweka mtoto katikati ya miguu yako, wima, mikono imeoshwa. Kisha niandikie uniambie alikula vipande vingapi.

Shangazi